Nilivyokataa Msaada wa Ada

Jamani, fomu ya chuo kimoja cha Ulaya iliniuliza kama nahitaji msaada wa ada. Nikajibu hapana. Hapa Ujiji tunaambiana kwamba anayeomba msaada hachaguliwi, na mimi siyo mjinga. Ada ingetoka kwenye michango. Mjomba Hamisi alishafungua kundi la WhatsApp, "Tumsomeshe Zaituni", akaunganisha kila mtu wa Kigoma mwenye simu, kuanzia Kagunga hadi walioko ng'ambo.

Siku ya usaili wa video nilikaa sebuleni kwa shangazi, kwenye makochi mapya, wanja machoni. Mama aliyenihoji kwa Kiingereza akauliza nani atanilipia.

"Baba," nikajibu bila kupepesa. "Ana maboti sita ya dagaa."

Baba anashona viatu sokoni.

Yule mama akavua miwani, akahamia Kiswahili.

"Zaituni mwanangu, mimi ni mtu wa Kalinzi. Mjomba wako aliniunganisha kwenye kundi lenu mwezi uliopita. Nimeahidi elfu hamsini, na kila asubuhi ananikumbusha."

Kiingereza chote kikanikimbia.

"Shikamoo," nikasema.