Mtoto Asiyelia

Kwa miaka kumi na moja kazi yangu ilikuwa kupima urefu wa watoto. Nilikuwa muuguzi, lakini katika hospitali ile ya Parklands sikufunga vidonda wala kuzalisha. Nilikuwa na chumba kidogo karibu na eksirei, mizani, utepe, na ubao uliopigiliwa ukutani wenye alama za sentimita. Mtoto alivua viatu, akasimama visigino vikigusa ukuta, nami nikashusha kibao hadi utosini mwake na kusoma.

Daktari aliyeniajiri alikuwa Mhindi, mzaliwa wa papo hapo Parklands. Alisomea ng'ambo, akarudi miaka michache baada ya uhuru na swali moja: kwa nini watoto wengine hawakui? Wale wa njaa tuliwajua. Yeye alitafuta wanaokula vizuri na bado wanabaki wadogo, kwa sababu tezi fulani mwilini haitoi homoni ya kutosha. Alichukua damu yao, ikagandishwa na kupelekwa kwa ndege kwenye maabara ya ng'ambo, maana hapa Nairobi hapakuwa na mtu wa kupima kitu kidogo namna ile. Majibu yalichukua karibu miezi miwili kurudi.

"Mtoto akikosa homoni ya hii tezi," aliniambia wiki ya kwanza, akigusa koo lake, "mwili inalala. Na ubongo pia. Mwili, mimi naweza kuiamsha hata baadaye, Sista. Ubongo haingoji."

Alikuwa mtu wa maneno machache, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha madukani, lakini sentensi ile sikuisahau.

Mama ninayetaka kusimulia habari zake alikuja mwishoni mwa miaka ya sitini. Alikuwa mtu wa Ukambani, mfanyakazi wa nyumbani kule Lavington, naye alikuwa amembeba binti yake mgongoni. Nilidhani mtoto ana miaka miwili.

"Ana sita na nusu," mama alisema, akatazama pembeni kama mtu aliyezoea kutoaminiwa.

Nilimpokea mtoto. Ngozi yake ilikuwa kavu na ya baridi, kitovu kimetokeza, ulimi mnene usiokaa vizuri mdomoni, na shingo imevimba kwa mbele. Watoto karibu wote waliuogopa ubao wangu. Yeye alisimama palepale nilipomweka, hakulia, hakuuliza, hakumtafuta mama yake kwa macho.

Nilikaa nikaanza kuuliza maswali yetu ya kawaida. "Alipokuwa mchanga, alikuwaje?"

"Mzuri sana. Halii. Hata kunyonya ilikuwa lazima nimuamshe."

"Ulimpeleka kliniki?"

"Nilimpeleka ile ya mjini, kabla sijamrudisha nyumbani kwa nyanya yake. Kadi ninayo."

Alifungua fundo la leso akatoa kadi iliyokunjwa mara nne. Niliifungua juu ya meza. Mwandiko ulikuwa wangu.

Kabla ya kuja Parklands nilifanya kazi miaka mitatu katika kliniki ya watoto wachanga katikati ya mji. Akina mama walikaa kwenye benchi refu tangu alfajiri, na sisi wauguzi wanne tuliwapima watoto wao mmoja baada ya mwingine hadi mchana, bila kuinua macho. Kwenye kadi ile kulikuwa na mistari mitatu, ya ziara tatu. Katika ule wa mwisho, kwa Kiingereza kama tulivyofundishwa, nilikuwa nimeandika kwamba mtoto ni mtulivu na anaendelea vizuri.

"Sista wa pale alinipongeza," mama alisema. "Akaniambia nimebahatika, wenzangu wanakesha na watoto."

Hakunitambua. Kwa mtu aliyekaa kwenye lile benchi, sote tulikuwa kofia nyeupe na mikono yenye haraka. Nilinakili tarehe kwenye faili, nikamrudishia kadi, nikauliza swali lililofuata. Nakumbuka lilihusu choo.

Baadaye daktari alitazama picha ya eksirei ya kiganja cha mtoto. Mifupa ilikuwa ya mtoto wa mwaka mmoja. "Hakuna mtu aliona huyu akiwa mdogo?" aliuliza.

"Alipelekwa kliniki."

"Halafu?"

"Waliandika anaendelea vizuri."

Alitikisa kichwa. Mimi nilisimama pale nimeshika faili, nikiwa nimesema "waliandika."

Majibu ya damu yaliporudi, mtoto alianzishiwa vidonge vya homoni aliyoikosa, kimoja kila asubuhi, maisha yake yote. Katika wiki chache ngozi yake ililainika. Akaanza kula, akaanza kutembea huku na huko chumbani mwangu akivuta droo. Mwaka wa kwanza alirefuka kuliko mtoto yeyote niliyewahi kumpima. Mama yake alicheka kila niliposoma namba. Lakini maneno hayakuja, au yalikuja mawili matatu tu: maji, mama, hapana. Mama alipouliza ataanza shule lini, daktari alimwambia ukweli kwa upole, na mama akajibu, "Sawa, Daktari," akamvalisha mtoto viatu vyake, akaondoka.

Mwaka wa pili mama alikuwa na mimba. Nilimwona akizidi kuwa mzito kila alipokuja, kisha mwezi mmoja hakuja kabisa, na nilijua vidonge vya binti yake vinakaribia kwisha. Jumapili moja baada ya kanisa nilichukua vidonge vingine nikapanda basi la kwenda Lavington. Kutoka kituoni nilitembea kwa muda mrefu kando ya michongoma iliyokatwa vizuri. Askari wa langoni aliniuliza ninamtaka nani, akanielekeza nipite kwa mlango wa pembeni. Nyuma ya nyumba kubwa kulikuwa na vyumba vya wafanyakazi, na mama alikuwa nje ya chake akianika nguo. Binti yake mkubwa alikuwa akimpa vibanio.

"Sista! Umekuja mpaka huku?" Aliacha nguo akaninyooshea mikono miwili. "Karibu. Nimejifungua, wiki ya nne sasa. Ingia umwone mdogo wake."

Alizungumza kwa sauti ya kawaida, hakunong'ona kama wanavyofanya watu mtoto anapolala.

"Huyu hana shida kabisa," alisema. "Memsaab, huyu mwenye nyumba, ananiambia hata hajui kama kuna mtoto hapa. Anasema niendelee kukaa naye, mradi ni mtulivu hivi."

Mtoto alikuwa amelala kitandani. Nilimgusa mguu, ulikuwa wa baridi ingawa alikuwa amefunikwa blanketi. Macho yake yalikuwa bado na umanjano. Kitovu kilikuwa kimetokeza. Nilimfinya unyayo kwa makusudi, akalia kidogo, sauti nzito ya kukwaruza, kisha akanyamaza.

Niliketi kwenye ukingo wa kitanda.

"Mama," nikamwambia, "kesho asubuhi umlete hospitalini. Nitazungumza na memsaab wako mimi mwenyewe."

Akanitazama, kisha akamtazama mtoto, kisha binti yake mkubwa aliyesimama mlangoni na kibanio mkononi. Sikuhitaji kumweleza. Alishika kiuno kwa mikono miwili akasema, "Wote wawili?"

"Sijui bado. Njoo kesho."

Kesho yake alikuja mapema kuliko mimi. Daktari alimpima mtoto, akachukua damu. Ilikuwa mara ya kwanza katika utafiti wetu kumpata mchanga namna ile, na niliona jinsi alivyokuwa makini, karibu kufurahi. Akaniambia tupange aje kila wiki, tumpime, tumpige picha, hadi majibu yarudi.

"Na dawa?" nikauliza.

"Dawa baada ya majibu. Ndiyo utaratibu. Kama haiko mgonjwa, nitampa dawa ya nini? Moyo yake itakimbia bure."

"Majibu ni miezi miwili, Daktari."

"Najua."

Kwa maisha yangu yote ya kazi sikuwa nimewahi kubishana na daktari. Tulifundishwa kusimama anapoingia. Lakini mlango ulikuwa umefungwa na mama alikuwa nje, nikasema, "Dada yake nilimpima mimi. Mjini, akiwa mchanga kama huyu. Ile kadi niliiandika mimi. Niliandika anaendelea vizuri."

Alikwenda kwenye sinki akanawa mikono, ingawa alikuwa amekwisha kunawa. Akajikausha kidole kimoja kimoja. Kisha akaketi akaandika dawa, robo ya kidonge, kisagwe, kiwekwe kwenye kijiko na maziwa ya mama, kuanzia siku ileile. "Damu tumechukua," alisema bila kuinua kichwa. "Kwa utafiti nitaandika hivyo hivyo, kwamba hatukungoja majibu."

Majibu yaliporudi yalisema tulichokuwa tunakijua. Wakati huo mtoto alikuwa akilia usiku na mchana. Memsaab alilalamika, na mama akahama Lavington, akapata kazi kwa familia moja huko Kitisuru ambako nyumba ya wafanyakazi ilikuwa mbali na ile nyumba kubwa.

Nilingoja hadi mdogo alipotimiza miaka mitatu ndipo nikamwambia mama juu ya kadi. Sina sababu nzuri ya kungoja. Siku hiyo nilikuwa nimewapima wote wawili, na mdogo alikuwa akimweleza dada yake jinsi ya kuvaa viatu, akirudia kwa subira kama mwalimu. Mama aliwatazama. "Kama ningejua mapema," alisema, "huyu mkubwa pia..."

Nikamweleza yote. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Ndiyo maana ulikuja Lavington," alisema.

"Nilikuja kuleta vidonge. Lakini ndiyo, pia kwa hilo."

Akakusanya vitu vyake, akawashika watoto mikono, akaenda. Mwezi uliofuata alikuja kama kawaida, akasimama mlangoni, akaomba watoto wake wapimwe na muuguzi mwingine. Alisema kwa adabu. Daktari alinitazama, nikakubali kwa kichwa. Tangu siku hiyo mwenzangu alisimama kwenye ubao, akatamka namba kwa sauti, nami nikaziandika nikiwa mezani, nimewapa mgongo.

Iliendelea hivyo kwa muda mrefu. Halafu asubuhi moja, Januari, nikiwa peke yangu nikipanga mafaili, mama aliingia. Haikuwa siku yake ya kliniki. Alikuwa amevaa nguo za kazini.

"Mdogo ameingia darasa la kwanza," alisema. "Mwalimu alimpa kitabu akasoma majina ya wanyama. Nimeona ni vizuri ujue."

Nilimwambia asante. Nilimkaribisha kiti, akasema basi litamwacha. Kupitia dirishani nilimwona akivuka barabara, binti yake mkubwa akimfuata nyuma na kikapu, akitembea haraka ili asiachwe.