Molekuli Inayojipinda

Mwaka ule maduka ya Lubumbashi yalipoporwa na mishahara ikakoma, mwalimu wa biokemia aliishiwa chaki, akawa anafundisha kwa kipande cha waya wa shaba. Aliukunja polepole kwa vidole vyake vinene, akausimamisha ulipokaribia kukatika, kisha akaulaza katika kiganja alichokibonyeza kama kikombe, ndicho kingamwili yake. “Ni hapa katikati njo molekuli inateseka,” alisema kila mara, kwa sauti ya chini kama ya mtu aliyekaa na mgonjwa. “Hii kingamwili iko na shimo ya umbo hii. Inaitegemeza wakati inajipinda, donc njo maana inageuka kuwa ingine mbio.”

Siku ya mtihani wa mdomo, chuo kikiwa karibu kufungwa bila tarehe ya kufunguliwa, risasi zilisikika nje. Kama Julienne, mwanafunzi wake, asingejibu, mwaka wake wa masomo ungepotea. Mwalimu alimuuliza kwa nini kingamwili isiikamate molekuli kwa nguvu tangu mwanzo. Julienne alianza, akakwama, machozi yakamlengalenga. Mwalimu alikunja mikono.

“Tutangoya, mama. Ata bale ba bunduki batangoya.”

Julienne akacheka, na ulimi ukalegea. “Ikikamatwa mwanzo, Prof, itatulia palepale. Haitageuka.”

Mwalimu aliandika alama, akavaa koti, akamsindikiza kwa miguu hadi kwao, mtaa wa Kamalondo, njia nzima akitembea upande wa barabarani. Mama yake Julienne akamshukuru, akamkaribisha ale bukari, ugali wa kwao. Hakuketi.

“Aksanti, mama. Kuko mwanafunzi mwengine bado ananingoya,” alisema, akarudi kulekule walikotoka.