Kijumba Kitupu Katika Kasha la Mjomba

Ilikuwa mwaka wa sabini na mbili. Hapana, nimekosea, ilikuwa sabini na tatu, maana cherehani yangu ya pili nilikwisha kuinunua, na mjomba alipohamia kwetu ilibidi tuisogeze dirishani ili kasha lake lipate pa kukaa.

Alikuwa mjomba wa mke wangu. Kwa miaka thelathini na moja alipanga herufi katika kiwanda cha uchapaji, akiokota vipande vya madini ya risasi kimoja kimoja na kuvipanga kinyumenyume mpaka ukurasa utimie. Mitambo mipya ilipokuja akaambiwa apumzike. Wenzake walipewa saa za ukutani. Yeye aliomba kasha lake la herufi, likiwa tupu, lile pana la mbao lenye vijumba vingi, akaja nalo begani.

Mke wangu alikuwa akikunja mashuka katika chumba cha kufulia cha hospitali, na moyo wake wote ulikuwa kwenye uuguzi. Mtihani wa kuingia mafunzoni ulikuwa kwa Kiingereza, na alikwisha kuanguka mara mbili. Mwaka ule alikuwa na miaka ishirini na tisa, na waliofika thelathini hawakupokelewa.

"Maneno yao ni mengi, mjomba," alisema. "Nikishika hili, lile linaponyoka."

"Unashika majani, mwanangu. Shika mizizi."

Kiwandani alikuwapo msahihishaji mmoja aliyesomea upadri akaacha njiani. Huyo ndiye aliyemfundisha mjomba kwamba maneno marefu ya Kiingereza yamejengwa kwa vipande vya Kilatini. Mjomba akaviandika kwenye vikadi, akavitia katika vijumba vya kasha. Kazi ya kupanga herufi ilikuwa na sheria yake: herufi inayotumika sana hukaa karibu na mkono, ya nadra hutupwa pembeni. Basi "port", kubeba, ikawekwa karibu na kidole gumba. "Spect", kutazama, ikafuatia. "Circum", kuzunguka, ikaenda kona ya juu kushoto. Mke wangu alikatazwa kukariri kwa mdomo. Mjomba akitaja neno, yeye afumbe macho na kuokota.

Jirani aliposikia kwetu kuna mzee wa mizizi, akaja ameshika mgongo. "Huna wa kiuno, mzee?"

"Ninao wa kubeba tu," mjomba akamjibu, "nao utakuzidishia."

Mimi nilisikiliza nikishona. Siku moja mjomba akasema "manu" ni mkono, ndiyo maana "manufacture" ni kutengeneza kwa mikono.

"Mbona viwandani wanatumia mashine?" nikamuuliza.

"Neno lilizaliwa kabla ya mashine, mkwe. Wewe piga pindo."

Siku ya mtihani mke wangu alirudi mapema, akaketi bila kuvua viatu. Msimamizi aliuona mkono wake ukitembea juu ya meza, mara kona hii, mara ile, akasema anampa ishara mwenzake. Karatasi ilizuiwa. Aende kesho kwa mkuu wa wauguzi akajieleze.

Asubuhi mjomba akabeba kasha begani, akatutangulia.

"Hilo nini, mzee?" mkuu wa wauguzi akauliza.

"Darasa lake, mama. Mkono umezoea humu."

Yule mama akafungua kitabu, akachagua neno: "circumspect". Mke wangu hakuwahi kuliona. Akafumba macho. Mkono ukapanda kona ya kushoto, ukasita, ukashuka karibu na gumba.

"Kuzunguka. Kutazama," akasema. "Ni mtu anayetazama pande zote kabla ya kukanyaga."

Mkuu wa wauguzi akamgeukia msimamizi. "Wewe ulikuwa unalijua?"

Msimamizi akaitoa karatasi mkobani, akaiweka mezani. Ikasahihishwa, na mke wangu akavaa sare nyeupe miaka ishirini na sita. Nilizishona zote mimi.

Kasha bado liko palepale. Mjomba alitangulia mbele ya haki, kisha mke wangu naye, na siku hizi nafumba macho, naokota, napata "port", nafurahi peke yangu kama mwehu.

Lakini kijumba kimoja hakina kitu. Ni kile kikubwa cha katikati, chini ya kiganja, mahali mjomba alipokuwa akiweka herufi "a" kiwandani, maana Kiswahili chetu hula "a" kama watoto walavyo sukari. Mke wangu alipotaka kutia kadi pale, mjomba aliuzuia mkono wake. "Hicho bado," akasema. Nilimuuliza akiwa mzima, nikamuuliza akiwa mgonjwa, akatabasamu tu. Nikamuuliza mke wangu, akasema, "Umezidi udadisi, fundi," akaendelea kupiga pasi.

Mahali palipo karibu na mkono kuliko pote, mzee wa watu alikuwa akipawekea neno gani?