Simel Anazoeshwa Korti

Simel wa Isinya hakuwahi kumwamini mtu anayelipwa kwa kuongea. Kwa hivyo, Jumapili moja ya mwaka wa 1998, mwanawe Emmanuel alipomwekea sinema ya zamani ya kortini kwenye video aliyonunua majuzi Kitengela, mzee alinuna kabla wakili hajafungua mdomo.

"Ni ya kukuzoesha tu, Baba," alisema Emmanuel. "Kesho huko Kajiado usiogope maswali."

Kesho Simel angekuwa shahidi katika korti ya Kajiado. Mtamba wake alikuwa ameibwa, naye aliwaapia polisi kwamba alimwona mchungaji wake wa ng'ombe, Muteti, akimswaga. Kusema kweli aliona alama za akala tu, kando ya kwato. Lakini mtu aliyesoma nyayo tangu utotoni ana haja gani ya kuona uso? Akala za Muteti zilikatwa kwenye tairi kuukuu la pikapu ya Simel mwenyewe, na mitaro ya tairi lile haikuwa na mwenzake Isinya nzima. Kwake alishamwona mwizi.

Emmanuel akawa anamtafsiria Kiingereza. Mama mmoja kizimbani alisema alimtambua mshtakiwa kwa koti lake.

"Si ndiyo! Huyo mama ako na macho," alisema Simel. "Na huyu wakili anachekea nini? Huyu amekula kitu, wallahi."

Wakili akauliza swali moja. Mama akababaika, watu wakaanza kunong'ona. Emmanuel akaacha kutafsiri.

"Amesema nini?"

"Mambo ya koti tu, Baba."

"Mambo gani? Unanificha nini wewe?"

Emmanuel akakohoa. "Ameuliza fundi alishona makoti mangapi ya kitambaa hicho."

Simel akasonya. Kisha akakumbuka. Tairi lile lilitoa jozi mbili za akala, na ya pili alimpa Emmanuel. Tangu mtamba apotee, kijana anavaa viatu vya ngozi.

"Akala zako ziko wapi?"

"Zilikatika, nikatupa."

"Lini?"

Emmanuel akainuka, akazima video. "Baba, kesho wewe sema tu vile uliandikisha."

Asubuhi hakimu alimuuliza kama alimwona Muteti kwa macho yake. Simel aliona aibu.

"Sikuona mtu," alisema. "Niliona alama ya akala. Na hizo akala ziko jozi mbili. Ile ingine ni ya kijana wangu."