Dhamana ya Verlyn Sandvig

Kwa miaka thelathini na moja Verlyn Sandvig alisimamia mizani ya ghala la nafaka pale Vangen, na hakuna mkulima aliyewahi kushuka kwenye lori lake kwenda kuhakikisha namba. Verlyn akisema uzito ni huu, basi ni huo. Watu walikuwa wakimcheka kidogo, maana hata kwenye karata za kanisani alikiri kosa kabla hujamshika. Mtu wa hivyo ni raha kuishi naye jirani, lakini kumpeleka kwenye siasa, hapana. Sisi tulimpeleka.

Tabia hiyo aliitoa vitani. Alikuwa na miaka kumi na tisa walipompeleka Vietnam, wakampa kazi ya kutafuta mabomu yaliyofukiwa barabarani. Kila alfajiri yeye na wenzake watatu walitangulia kwa miguu, polepole, wakikagua vumbi hatua kwa hatua, na wakimaliza mmoja wao alitamka kwamba njia ni salama. Aliyetamka ndiye aliyepanda lori la kwanza. Hakuna mkubwa aliyetoa amri hiyo, ilikuwa desturi yao wenyewe: umesema, haya, kaa mbele. Verlyn alikaa mbele miezi kumi na mmoja. Akarudi South Dakota na viungo vyake vyote, akamwoa Ione, akashika mizani, na habari za vita akawa hazigusi isipokuwa ukimbana sana.

Ukumbi wa wanajeshi wa zamani ulikuwa mahali pa kahawa, bingo na kulalamikia magoti, mpaka mwaka ule kampuni ya kulaza bomba la gesi ilipoleta watu wake na ramani. Hapo wazee wakaamka. Walikuwa kumi na mmoja, na siasa zao hazikuwa na fumbo: serikali ikae mbali na shamba la mtu, bunduki ya mtu na kanisa la mtu, na kodi isipande. Sasa wanaambiwa sheria inairuhusu kampuni ya watu binafsi ipitishe bomba katikati ya shamba lako, utake usitake, na ukikataa mnakutana mahakamani. Iliwachoma kweli. Duane Kolbeck, aliyerudi kutoka Iraki na sikio moja lisilosikia, akafanywa mwenyekiti, wakachapisha fulana, wakaanza kutafuta mtu wa kumpeleka bungeni.

Wakampata Brent Hauglid, muuza bima, mtu wa tabasamu na viatu safi. Alikuja ukumbini siku ya kukaanga nyama ya kondoo, akala kwa vijiti kama sisi, akasimama mbele ya bendera akaahidi kwamba akifika Pierre, kwenye bunge la jimbo, ataunga mkono sheria ya kuizuia kampuni kumnyang'anya mtu ardhi. Verlyn alimkazia macho muda wote alipokuwa akisema. Akaridhika. Ole wake.

Kwenda nyumba kwa nyumba, wenzake waligawa karatasi na kuaga. Verlyn hakujua kugawa karatasi. Kila mlango alivua kofia, akataja jina lake kamili kana kwamba hawamjui, kisha akasema kwamba anamwekea Hauglid dhamana, na akikengeuka wamdai yeye. Duane alimwambia apunguze maneno, kwa mwendo huo milango mia mbili na kumi na nne ataimaliza Krismasi. Hakupunguza hata neno.

Mlango mmoja kati ya hiyo ulikuwa wa Arlys Quamme, mjane wa Harlan. Mtu wa kampuni alikuwa ameshafika kwake na lugha tamu: akitia sahihi sasa, bomba litasukumwa hadi pembeni mwa shamba, lipite kwenye majani tu. Akisubiri, litapita pale ramani ilipochora, nyuma ya nyumba, katikati ya miti ya kukinga upepo. Miti hiyo Arlys na Harlan waliipanda mwaka waliooana, wakaimwagilia kwa ndoo majira matatu ya kiangazi. Arlys alikuwa na kalamu mkononi, kwa hakika. Akamwuliza Verlyn afanye nini.

"Usitie sahihi, mama," Verlyn alimwambia. "Hauglid akiingia, hawatakugusa. Namwekea dhamana mimi mwenyewe."

Arlys akaiweka kalamu chini.

Hauglid akashinda kwa kura tisini na kitu. Ukumbini walikula keki na kupigana makofi mgongoni, na Verlyn, ambaye si mtu wa kucheka ovyo, alicheka mpaka Ione akamtazama. Hiyo ilikuwa Juni, kwenye uchaguzi wa ndani wa chama, na ule mkuu wa Novemba kwetu huwa ni kukamilisha tu. Februari mswada ukapigiwa kura bungeni, ukaanguka kwa kura mbili. Moja kati ya hizo mbili ilikuwa ya Hauglid.

Verlyn aliisoma habari ile mara tatu kwenye simu ya Ione, akidhani macho yake ndiyo mabovu. Akapiga simu ofisini, akaongea na mashine. Baada ya wiki mbili ikaja barua iliyoanza kwa kumshukuru kwa utumishi wake kwa taifa na ikaisha kwa kumshukuru kwa utumishi wake kwa taifa, katikati hamna kitu. Ione aliisoma, akaikunja, akamwambia, "Umechezewa, mzee. Si wewe wa kwanza."

Mwaka uliofuata, mwezi wa tatu, ardhi ingali imeganda, mashine zikaja kwa Arlys. Walikata miti yote ya nyuma kwa siku moja na nusu. Verlyn alipita barabarani na gari lake akaona nyumba ya Quamme imebaki uchi kwenye uwanda, paa lote linaonekana kutoka maili mbili, kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona. Hakusimama. Aliona aibu kusimama, na aliona aibu kwamba hakusimama.

Uchaguzi wa ndani wa chama ukakaribia tena, Duane akaita mkutano. Verlyn alikwenda akidhani wanakutana kumkana Hauglid hadharani. Wapi. Mpinzani wake safari hii, Duane alieleza, ni mtu aliyehamia juzi, anataka kodi ya shule ipande, na kuhusu bunduki hajulikani anasimama wapi. Hauglid amekosea kwenye bomba, sawa, lakini mengine yote yuko nasi. Zimwi likujualo halikuli likakwisha.

"Na Arlys je?" Verlyn akauliza. "Kwake limebakiza nini?"

Mmoja akashughulika na kahawa yake. Duane hakuwa mtu mbaya, na nisingependa mtu amdhanie hivyo. Alimwambia taratibu kwamba vita moja ikishindwa hutupi silaha zote, na hilo Verlyn angelijua kuliko yeyote. Wakapiga kura kwa kuinua mikono: kumi kwa mmoja. Verlyn akaiacha fulana yake kwenye kiti, akatoka. Siku ile hakuna aliyemfuata, na hilo mpaka leo linanikera, kwa sababu mmoja wa wale kumi nilikuwa mimi.

Kesho yake asubuhi akaanza na mlango wa kwanza.

Ione alimkemea huku akimfungia mkate wa kula njiani. Akasema amewahi kuona watu wakiomba kura, lakini mtu kuzunguka kijiji kizima kuomba msamaha kwa uongo wa mwingine, hata mchungaji hafanyi.

"Uongo ni wangu," Verlyn alisema. "Yeye aliusema mara moja. Mimi niliusema mara mia mbili na kumi na nne."

Ione akamwongezea tufaha.

Maneno yake mlangoni yalikuwa machache: nilikupa dhamana ya mtu, naiondoa, nisamehe. Alijiandaa kutukanwa. Alijiandaa hata mtu amfungie mlango usoni, maana alijua anastahili. Kilichompata hakukitazamia. Hawakukumbuka. Mwanamume aliyekuwa akiosha trekta alidhani anauza kitu, akamwambia wana bima tayari. Dada mmoja, mgeni kidogo mtaani, aliona mzee amevua kofia anazungumzia dhamana, akamketisha barazani, akampa maji, akampigia Ione simu kwa sauti ya chini aje amchukue. Melvin Dahme, waliyesoma naye darasa moja, alimsikiliza mpaka mwisho kisha akacheka kwa upendo kabisa, akamwambia hapa kila mtu alimchagua Hauglid kwa sababu ya chama chake, nani alimsikiliza Verlyn? Nenda kalale, bwana, wanasiasa wote waongo.

Afadhali wangemtukana. Siku tisa alitembea na yale magoti, na kila jioni alirudi mdogo kuliko alivyotoka. Anayetukanwa kwa kuvunja ahadi walau anajua ahadi yake ilikuwa kitu. Yeye alikuwa amekaa lori la mbele, na nyuma yake hapakuwa na mtu. Ione alimsihi aache. Verlyn akasema umebaki mlango mmoja, na Ione alijua ni wa nani.

Kwa Arlys alikwenda mchana wa siku ya kumi. Upepo, usiokuwa tena na cha kuuzuia, ulikuwa ukiupiga mlango wa jikoni, na Arlys alikuwa ameuegemezea kiti kwa ndani. Nyuma ya nyumba magogo yalikuwa yamepangwa vizuri, mtaro umekwishafukiwa. Alimkaribisha, akamwekea kahawa na keki ya boga, akauliza habari za Ione. Verlyn hakuigusa keki. Alivua kofia, akaanza: mama Arlys, miaka miwili iliyopita nilikuja hapa...

"Nakumbuka," Arlys akasema. "Ilikuwa baridi, na wewe kichwa wazi. Nikafikiri huyu ataugua."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku kumi mtu kukumbuka. Verlyn alishika ukingo wa meza. Akasema yote: kwamba alimzuia asitie sahihi, kwamba miti imekatwa kwa neno lake, kwamba dhamana ile anaiondoa na anaomba msamaha ingawa hakuna atakachoweza kumrudishia. Arlys alimsikiliza akiwa na uso wa mtu aliyepotea njia.

"Unaiondoa leo?" akauliza.

Akainuka, akachukua karatasi iliyokuwa juu ya friji, akaiweka mbele yake. Ilikuwa karatasi ya kampeni ya Hauglid, mpya, ya rangi. Hauglid anatabasamu, na pembeni yake, kofia mkononi, Verlyn Sandvig, amepigwa picha ukumbini siku ile ya nyama ya kondoo. Chini wameandika: Wanajeshi wetu wa zamani wangali wanasimama naye. Duane alikuwa ameitoa picha hiyo bila kumwambia mtu.

"Mimi nilikuwa nimeapa simchagui tena," Arlys akasema. "Nilivyolia siku ile ya miti, Verlyn, Mungu ndiye anajua. Halafu juzi ikaja hii. Nikakuona. Nikajiambia, kama Verlyn bado yuko naye, basi kuna jambo mimi sijalielewa, bomba limeshapita, labda atatutetea kwa yanayokuja. Kura yangu nimeipeleka posta jana."

Verlyn aliuliza karatasi hizi zimekwenda wapi. Arlys alidhani zimekwenda kila nyumba, maana hata dada yake kule Lodgepole Road ameipata. Mlango wa jikoni uligonga kiti, Arlys akaenda kukisukuma tena. Alipogeuka macho yalikuwa yamejaa machozi, na akamwuliza kama mtoto anavyouliza.

"Nimekosea, Verlyn?"

Angeweza kusema kweli. Ndicho kilichomleta, na ndicho pekee alichokuwa nacho maisha yake yote. Aliutazama uso wa yule mama, akatazama dirishani palipokuwa na miti, akafungua mdomo.

"Hapana, mama, hukukosea," akasema. "Hauglid atalitazama upya suala la bomba. Ameniahidi."

Arlys akajifuta macho na aproni, akamshukuru. Alimwamini.