Nyota Moja kwa Ngome Tisa

Letisia Sulle anashona nguo Tlawi, kwenye chumba chenye dirisha moja linalotazama mashamba ya vitunguu saumu. Asubuhi, ukungu ukiwa bado umeyalalia mashamba, anaanza na sare za shule, maana sare hata mkono peke yake unazijua. Ukungu ukiondoka anashika magauni. Katikati hapo, wakati pasi ya mkaa inatafuta moto, anacheza Ngome Tisa.

Ngome Tisa ni gemu la karata la kwenye simu. Unakusanya karata zenye picha za askari, wanyama na mitambo ya vita, unazipanga, na mpinzani usiyemwona anapanga zake. Anayepanga vizuri anabomoa ngome za mwenzake. Ni gemu la bure.

"Bure," Letisia husema, na anavyolitamka utadhani ametafuna mchanga. "Kuingia ndiyo bure. Ukishaingia ndipo unapolia."

Malalamiko yake anayajua kila aliyewahi kupimwa nguo pale. Karata nzuri zinatoka kwenye masanduku. Anayenunua sanduku analifungua papo hapo, asiyenunua anasubiri mpaka anasahau alikuwa anasubiri nini. Karata ukishaizoea, wanaapdeti gemu na kuipunguza nguvu. Na Kiswahili chao! Ukipigwa mpaka ngome ya mwisho, simu inapiga tarumbeta na kuandika: "Hongera! Umeshindwa vita."

"Si uliache?" Violeth alimwambia siku moja. Violeth ni fundi mwenzake, wanachangia chumba, na yeye hachezi gemu lolote. "Kila siku unaligombeza kama mume mlevi."

"Mume mlevi angelala, nikapumzika. Hili halilali."

Lakini hakuliacha, na sababu yake ni Fahali wa Shaba. Hiyo ni karata yenye fahali mwekundu anayetoa moshi puani, na akiingia uwanjani anakanyaga mstari mzima. Letisia hakumnunua. Alimpata kwenye sanduku la kusubiri, siku ya mvua, pindo la sketi likiwa mdomoni, akapiga kelele mpaka sketi ikaanguka. Kwa fahali huyo alipanda hadi daraja la dhahabu, akakaa meza moja na watu wanaonunua masanduku kama chumvi. Fundi wa Tlawi, asiyenunua kitu. Hilo lilimpa raha ambayo hakuwa na wa kumwelezea, isipokuwa Gidamis.

Gidamis ni mfugaji wa Gehandu, kule chini Hanang. Nyumba zao mbili zinajuana tangu kwa baba zao. Agustino Sulle, baba yake Letisia, hakuwahi kulaza ng'ombe wake wote zizi moja. Wawili watatu walibaki nyumbani, wengine aliwaweka kwa marafiki wa bondeni, na wa bondeni wakaweka wa kwao kwake. Huku ndivyo watu wanavyofuga. Ugonjwa ukiingia boma moja, haumalizi mali yote. Anayemtunza ng'ombe anakunywa maziwa na kupata samadi, ndama wanagawana kwa makubaliano, lakini ng'ombe anabaki wa mwenyewe, na siku mwenyewe akimtaka, anafunguliwa kamba. Haiandikwi popote. Mtunzaji anaishi kwa jina lake tu, na likishachafuka hakuna atakayemletea hata mbuzi. Baba yake Letisia alipofariki, ng'ombe wake mmoja alikuwa kwa kina Gidamis, na uzao wake uko huko mpaka leo. Gidamis anaokota mtandao juu ya jiwe moja karibu na malisho, na ni Letisia aliyemfundisha kucheza.

Sasa, kabla ya masika, ukavuma uvumi kwenye kundi lao la wachezaji. Ati apdeti inayokuja itafagia. Mtu mwenye karata nyingi zenye nguvu atanyang'anywa. Nani alisema? Hakuna anayejua. Letisia alifanya alichofanya baba yake kila aliposikia habari ya ugonjwa wa mifugo: alitawanya. Gemu lilikuwa na kitufe cha kumpelekea mwenzako karata. Nyingine akazipeleka kwa huyu, nyingine kwa yule, na Fahali wa Shaba akampeleka Gehandu.

"Nakuwekea," aliandika. "Utamtumia, ila ni wangu."

"Nimempokea dada," Gidamis akajibu. "Zizi lipo."

Apdeti ikaja. Haikufagia kitu. Ilibadilisha rangi ya vitufe na kuongeza tarumbeta.

Letisia akataka fahali wake arudi. Gidamis akajibu: "Dada, sioni pa kubonyeza." Akamwambia atafute vizuri. "Nimetafuta. Hakuna." Letisia akaenda kazini na jibu hilo kichwani, akashona mkono wa kushoto mahali pa mkono wa kulia.

Bila Fahali, daraja la dhahabu lilimshinda. Akashuka. Kila akitazama orodha ya wachezaji, jina la Gidamis lilikuwa linapanda. Hilo pia angelivumilia, mtunzaji ana haki ya maziwa. Lakini mchana mmoja gemu lilimtafutia mpinzani, na aliyetokea alikuwa Gidamis. Wakapambana. Letisia alipanga vizuri kuliko siku zote, akabomoa ngome zake karibu zote, halafu moshi ukatoka puani upande wa pili. Fahali wake mwenyewe alikuja mbio na kumkanyagia mstari mzima.

"Hongera! Umeshindwa vita."

Pasi ilikuwa imepata moto. Hakuigusa. Alifungua ukurasa wa maoni ya wachezaji, ulio ndani ya gemu lenyewe, akabonyeza nyota moja kwa sababu hakukuwa na namna ya kubonyeza sifuri, akaandika:

"Gemu la wezi na limelea wezi. Fahali wangu yuko kwa Gidamis wa Gehandu. Nilimwekea kwa uaminifu, nimemwomba, hataki kurudisha. Huyu ni mtu wa kula ng'ombe wa watu. Na nyie kampuni mnaangalia tu."

Hajawahi kuandika kitu kikapendwa hivyo. Wachezaji wasiomjua, wa mikoa ambayo hajafika, walimwagia laiki. "Kweli dada!" "Hata mimi karata zangu zimeliwa!" Maoni yake yakapanda, yakakaa juu kabisa ya ukurasa, na kampuni, ambayo haijawahi kumjibu mtu, ikajibu: "Mpendwa mchezaji, timu yetu inaangalia suala la kurudisha karata." Violeth mwenyewe aliacha cherehani kuja kusoma.

"Umekuwa mkubwa," alisema. "Waombe na Kiswahili warekebishe."

Siku chache baadaye akaingia Mzee Nikolausi, jirani mwenye ng'ombe, na koti lake la kanisani, mfuko umechanika.

"Shikamoo, mzee," Letisia alisema, akasimama.

"Marahaba. Baba yako angekuwepo angehuzunika. Kumbe yule kijana wa Gehandu anakula ng'ombe?"

Letisia aliduwaa na sindano mkononi. "Nani amekuambia?"

"Vijana wanasoma kwenye simu zao. Wanasema umeandika wewe. Mimi nilikuwa nataka kumpelekea mitamba wangu, nyasi huku zimeisha. Sasa hawaendi."

"Hapana, mzee. Ni ng'ombe wa kwenye simu."

"Wa kwenye simu kivipi?"

"Wa picha. Wa mchezo."

Mzee Nikolausi alifikiri. Alifikiri kwa heshima kabisa, kama mtu anayeulizwa jambo la sheria.

"Anayekula ng'ombe wa picha," alisema, "wa nyama atamwacha?"

Akaacha koti, akaondoka. Violeth alianza kucheka, akaona uso wa mwenzake, akajifanya anakohoa.

Jioni ile Letisia alikumbuka kuwa Gidamis alikuwa amemtumia picha siku ileile aliyokanyagwa na fahali, na yeye kwa hasira hakuifungua. Akaifungua. Ilikuwa ya ng'ombe, mjukuu wa ng'ombe wa baba yake, amesimama kwenye vumbi la Gehandu, na chini yake ndama mwenye miguu iliyokuwa bado haijui kazi yake. "Dada, amezaa. Ni jike. Zamu hii ni ndama wako."

Siku ya mnada Gidamis alipanda Mbulu, na kutoka mnadani akaja Tlawi na fimbo yake na shuka begani. Alimsalimia Violeth. Alimsalimia Letisia pia, lakini kwa kifupi. Akatoa simu kifuani, akaiweka juu ya cherehani.

"Haya. Tafuta wewe pa kubonyeza."

Letisia akaichukua. Alibonyeza hapa, akabonyeza pale, akaingia kwenye mipangilio, akatoka. Alipogusa picha ya fahali, chini yake palikuwa na maandishi madogo, ya rangi isiyotaka kusomwa: karata iliyopokelewa haihamishiki. Alitafuta tena. Hasira aliyokuwa amejiandalia ilikuwa inamtoka, na hakupenda.

"Basi kwa nini uliendelea kumtumia?" alisema. "Si ungemwacha akae?"

"Akae? Dada, karata isiyochezwa inashika kutu, inashuka nguvu. Nani alinifundisha hilo?"

Letisia alirudi kuitazama picha ya fahali.

"Ni wewe. Ulinipigia kelele siku nzima kwa sababu ya karata moja ya mshale. Mimi nikasema, huyu fahali wa dada lazima nimtoe malishoni, asije akanikondea mikononi. Tazama nguvu zake. Zimepungua?"

Hazikuwa zimepungua. Fahali alikuwa na nguvu kuliko alivyotoka Tlawi.

"Ukanipiga naye," Letisia alisema, sauti imeshuka.

"Nilijuaje ni wewe? Umejiita Malkia wa Sindano tangu lini?"

Violeth safari hii alicheka wazi. Gidamis hakucheka.

"Mzee Nikolausi ameninyima mitamba," alisema. "Na mnadani leo mtu alinisalimia, akaangalia ng'ombe niliokuja nao, akaniuliza, 'Hawa ni wa nani?' Mbele za watu. Mimi, dada. Baba yangu hakuwahi kuulizwa hivyo."

Letisia akafungua maoni yake. Ukitaka kubadilisha, gemu linakupa onyo: laiki zote zitafutika, majibu yataondoka, maoni yatahesabiwa mapya.

"Subiri," Violeth alisema. "Kampuni imekujibu, Letisia. Imesema inaangalia. Ukiyafuta, nani ataangalia tena? Toa jina tu."

"Kutoa jina ndiyo kubadilisha."

"Basi acha, waambie watu kwa mdomo."

"Wa Tlawi nitawaambia kwa mdomo. Hawa wengine nitawafuata wapi?"

Akabonyeza. Laiki zilipotea zote kwa pamoja, kama taa umeme ukikatika. Akaandika upya, polepole, huku akitamka kila neno ili Gidamis asikie:

"Nilisema Gidamis wa Gehandu ni mwizi. Nimesema uongo. Amemtunza fahali wangu vizuri kuliko mimi. Aliyemfungia ni gemu. Huku kwetu ukimwekea mtu ng'ombe, ng'ombe ni wako mpaka mwisho, na ukimtaka anafunguliwa. Nyie mmetengeneza zizi lisilo na mlango wa kutokea. Wekeni mlango. Na mtu akipigwa msimpe hongera."

Nyota, moja.

Maoni yakaanguka chini kabisa ya ukurasa, mahali ambapo hata mwandishi wake alilazimika kuyatafuta. Jibu la kampuni likaja kabla hajaweka simu chini: "Asante kwa maoni yako mazuri! Tafadhali tupe nyota tano."

"Ona," Letisia alisema. "Ona watu hawa."

Akachukua koti la Mzee Nikolausi, ambalo lilikuwa tayari, wakapandisha wote wawili hadi kwake. Walimkuta nyuma ya nyumba akitenga mbegu za viazi. Wakatoa shikamoo, wakapewa viti. Letisia hakuzunguka.

"Mzee, nilimkosea huyu. Hajala ng'ombe."

"Wa picha amerudi?"

"Hajarudi. Hawezi kurudi. Wenye mchezo wamemfungia."

"Kwa hiyo aliyemla si huyu."

"Si huyu."

"Nani?"

Letisia aliinyanyua simu, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kuonyesha. "Hawa."

"Wanakaa wapi?"

"Hatujui, mzee."

"Unawajua kwao? Baba yao?"

"Hapana."

Mzee Nikolausi aliacha viazi. Alimtazama Letisia, halafu Gidamis, halafu Letisia tena, kama anatafuta kati yao mwenye akili.

"Mtoto wa Agustino," alisema. "Ulilaza ng'ombe kwa watu usiowajua hata wanakaa wapi. Halafu ukaenda kumtukana mtu unayemjua mpaka babu yake."

Gidamis aliangalia ncha ya fimbo yake. Mzee akajaribu mfuko wa koti kwa vidole, akaona umeshonwa imara, akamgeukia.

"Mitamba ni wawili. Mmoja ana wasiwasi, usimfunge karibu na mbwa. Njoo uwachukue Jumatatu, upite nao njia ya chini, ya juu ina utelezi."

"Ndiyo, mzee."

Waliporudi, Violeth alikuwa ameshatia mkaa kwenye pasi. Basi la Gidamis lilikuwa bado. Alikaa kwenye benchi la wateja, akafungua Ngome Tisa, akamsukumia Letisia simu.

"Fahali hawezi kutoka," alisema. "Njoo wewe umchunge huku."

"Sitaki. Nimechoka na gemu hili."

"Haya."

Pasi ilikuwa bado baridi. Letisia aliigusa kwa kidole kilicholoweshwa mate, ikakaa kimya. Akavuta simu.

"Nani amepanga karata hizi?" alisema. "Mishale yote nyuma? Gidamis, wewe unachungaje?"