Moto Usiopikiwa Chakula

Binti yangu alinitemea risasi kiganjani. Usishtuke, haikuwa na ganda wala baruti. Kilikuwa kile kichwa chake tu cha kijivu, kizito kuliko kinavyoonekana, kimelowa mate. Tulikuwa uani, nyuma ya fleti zetu hapa Randburg, Johannesburg, Jumamosi mchana. Nikamuuliza amekitoa wapi. Akanijibu kwa Kiingereza chake cha kreshi, chekechea ya hapa, kwamba babu wa chini amempa achezee.

Babu wa chini, yule mzee wa ghorofa ya chini, alikuwa palepale, kwenye jiko la braai, la kuchomea nyama, tunalochangia jengo zima, amekaa kwenye kiti chake cha kukunja. Sufuria yake ya kuyeyushia risasi ilikuwa upande mmoja wa wavu. Upande wa pili wa wavu huohuo, jirani wa ghorofani alikuwa anageuza soseji za watoto. Hapo uvumilivu ukaniisha. Mengi niliyosema siyaandiki, lakini alichonijibu sikisahau. Alinitazama kwa upole kabisa, akasema, "Binti, hivyo ni vibovu tu, nilikuwa navitupa. Havilipuki."

Havilipuki! Kana kwamba hilo ndilo nililouliza.

Nitakwambia kwa nini iliniuma hivyo. Moto ule nilikuwa naupenda. Wiki ile tulipohamia hapa nilikuwa naanika nguo, harufu ikapanda mpaka kwenye kamba: nta imeungua juu ya risasi iliyoyeyuka. Kama hujawahi kuinusa siwezi kukuelezea. Nilisimama na shuka mkononi, na sikuwa Johannesburg tena. Nilikuwa Handeni, kwa bibi, nimekatazwa kusogea.

Bibi yangu alikuwa mjane wa mwindaji. Babu alipokufa, bunduki ilirudishwa serikalini, lakini kalibu zake za kumiminia risasi bibi alibaki nazo, vyuma vya mataya mawili kama koleo, kila kimoja na shimo lake. Wenye magobori yao ya kufukuzia nguruwe na nyani shambani walikuja kwake. Hakumuuliza mtu anataka risasi ya ukubwa gani. Alikanda nta kidogo, akaikandamiza kwenye mdomo wa mtutu, akaitoa taratibu, akaijaribisha kwenye kalibu moja baada ya nyingine akinung'unika. Mitutu ile haikufanana, kila mmoja na tumbo lake. Akishachagua, anayeyusha, anamimina, anasubiri, anagonga kalibu kwa kijiti, na gololi inadondoka kwenye kitambaa chenye maji ikilia kama kitu kinachokaangwa.

Halafu pete. Alikuwa na pete za shaba kwenye uzi, za mitutu yote anayoijua. Gololi ikigoma kupita kwenye pete yake inarudi sufuriani. Ikipita bila kugusa inarudi vilevile. Wanaume wazima walikaa wakingoja, na wakimharakisha anawaambia, "Nguruwe hana haraka, haraka ni yako." Mmoja aliwahi kuondoka na zilizokataliwa, akidhani bibi anaringa. Bibi alimfuata mpaka njiani na mwiko mkononi, akamrudisha kama mtoto aliyeiba sukari.

Lakini moto wenyewe ulikuwa wapi? Ng'ambo ya shamba la mihogo, upande ambao upepo unatoka nyumbani kwenda porini. Mafiga yake hayakuwahi kuona ugali. Sufuria ile ilining'inizwa kwenye mti kulekule, haikuvuka kizingiti. Sisi watoto mwisho wetu ulikuwa mstari wa mihogo, na akirudi hatumrukii, tunamngoja asugue mikono kwa majivu na maji, abadili kanga, ndipo anakaa kutumenyea mihogo ya kuchoma. Nakumbuka ile hasira ya kungoja, harufu ya mihogo puani na bibi bado anasugua kucha. Hakuna aliyemfundisha kuhusu damu na ubongo wa mtoto. Alisema tu kwamba kile kitu kina sumu ya polepole, na polepole ndiyo mbaya.

Siku ile ya kuanika nguo, kwa kumkumbuka bibi, nilishuka kumsalimia babu wa chini. Alifurahi kupita kiasi. Ana rifle na kibali, huenda kuwinda na wenzake, na vipande vya risasi vya kusawazishia matairi vinavyodondoka barabarani huviokota pale robot, kwenye taa za magari, na kuviyeyusha. Alinionyesha kalibu zake, nzuri, zina mishikio ya mbao. Alinionyesha anavyosukuma kipande cha risasi laini ndani ya mtutu ili ajue upana wake, kisha anavyozipitisha risasi kwenye pete ya chuma kwa mashine ya mkono, moja moja, zikatoka zinang'aa mafuta. Nilimsimulia nta ya bibi. Aligonga goti akicheka, akasema angeelewana naye. Nami niliamini. Kumbe bibi angemfuata na mwiko.

Tangu Jumamosi ile sikai. Natembea na mwiko humu ndani bila kupika. Zahanati wamemchukua mtoto damu, majibu bado. Msimamizi wa jengo aliniambia mzee ana kibali. Nikamwambia kibali cha bunduki si kibali cha wavu wa nyama. Baba watoto anasema eish, sisi wageni, mkataba wa nyumba unaisha karibuni, tusijitafutie balaa. Tumelala tumegeuziana migongo.

Nilimpigia mama Handeni kumuuliza kalibu za bibi ziko wapi. Ziliuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, pamoja na jembe na pete zote. Ng'ambo ya mihogo sasa kuna nyumba ya mtu. Hakuna aliyemwambia mwenye nyumba alipojenga palikuwa pa nini, na sina namba yake.

Jumatatu niliandika waraka kwa Kiingereza, nikapeleka kwa kamati ya jengo, nakala kwa idara ya afya ya jiji. Kabla sijatoka nao, baba watoto aliusoma mlangoni, akaniomba nifute ile sehemu ya bibi, wakubwa hawatajali. Sikufuta. Kwa lugha yetu unasema hivi:

"Mimi ni mpangaji na mama wa mtoto mdogo. Ninalalamika rasmi kwamba mpangaji wa ghorofa ya chini anayeyusha risasi kwenye jiko la braai la wapangaji wote, kwenye wavu unaopikiwa chakula, na amewapa watoto vipande wachezee. Mwanangu alikutwa na kipande mdomoni. Naomba kazi hiyo ikome uani leo, wavu utupwe, udongo unaozunguka jiko upimwe, na watoto wote wa jengo wapimwe damu, si wangu peke yake. Sisemi mzee ana nia mbaya. Nimekua kwenye nyumba iliyofanya kazi hiihii. Bibi yangu alikuwa na moto wa risasi na moto wa chakula, na kati yake palikuwa na shamba zima. Hapa hatuna shamba. Kwa hiyo moto mmoja uondoke, na usiwe wa chakula."